Ameamkaje, Ameshindaje: Tumpimeje Anayemuuguza Mgonjwa Wetu Asiyepona

(Mada iliyosomwa katika kikao cha vijana baada ya sala ya Alasiri, kumi la kwanza la Ramadhani. Maswali mawili ya wasikilizaji yametiwa mwishoni.)

 



Nilipoambiwa nichague mada, wenzangu wa kamati walitaraji nizungumzie vijana na mavazi, au vijana na simu. Nimekuja na jambo lingine, na najua kuna atakayenong'ona: dada huyu katuletea habari za mauti, nasi matumbo yanaunguruma. Nistahimilieni. Kila aliyekaa hapa ana mgonjwa nyumbani, au alikuwa naye, au atakuwa naye. Na siku daktari akisema "mrudisheni nyumbani, hapa hatuna tena la kufanya", wazee wetu hutugeukia sisi. Ndio tunaosoma makaratasi, ndio tunaopiga simu. Tutamwita nani aje amuuguze? Na akishaanza kuja, tutajuaje kama anauguza kweli au anakuja kuhesabu siku?

Naanza na hema. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (R.A.) alipigwa mshale mkononi ukakata mshipa. Mtume (S.A.W.) akaamrisha apigiwe hema mle msikitini Madina, ili awe karibu na iwe wepesi kumzuru. Vitabu vya sira vinamtaja Bibi Rufaida (R.A.), wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Saad hakupona, akafa kwa jeraha lile. Lakini tumepokea kwamba Mtume akimpitia jioni alimuuliza ameshindaje, na akimpitia asubuhi alimuuliza ameamkaje, na Saad humweleza hali yake. Nataka mlishike hilo. Mgonjwa ambaye hakupona aliulizwa asubuhi na jioni, akajibu, akasikilizwa. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo, na mengine nitakayoyasema ni ufafanuzi wake tu.

Watu wengi wakisikia hospisi hudhani ni nyumba ya kwenda kufia. Hapa Kenya hospisi nyingi hazina hata vitanda vya kulaza. Mgonjwa huenda mchana akarudi kwake, au muuguzi humfuata nyumbani. Huduma yenyewe siku hizi huitwa tiba shufaa. (Sisi wa madrasa neno shufaa tunalijua kwa maana ya uombezi wa Siku ya Kiyama. Hapa limechukuliwa kwa maana ya kutuliza, msichanganyikiwe.) Mfumo wa kisasa ulianzia London mwaka 1967 kwa Cicely Saunders, mwanamke aliyekuwa muuguzi kwanza, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari. Alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa wa aina hii huja manne kwa pamoja: ya mwili, ya nafsi, ya mambo ya jamaa na riziki, na ya roho. Afrika huduma hii ilianza Harare mwaka 1979. Nairobi Hospice ikafuata mwaka 1990, na Kampala mwaka 1993 kwa juhudi za Dkt. Anne Merriman, ambaye kabla ya hapo alikuwa Nairobi. Mombasa ipo Coast Hospice, na hospitali kadhaa za kaunti zina vitengo vyao. Pembeni yao yamezuka makampuni ya kuuguza nyumbani kwa malipo. Mengine ni mazuri sana. Mengine, Allah atusamehe, ni gari na stika.

Nasema haya kwa kuwa yalinikuta. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na saratani ya titi iliyoingia mifupa ya mgongo. Mjomba aliye Ghuba alituma pesa, na mimi ndiye niliyechagua kampuni. Nilichagua kwa macho: wahudumu wana sare, karatasi zao zina rangi nzuri, na wameandika kwamba simu yao hupokewa saa ishirini na nne. Muuguzi alikuja mara mbili kwa wiki. Alimpima presha, akampima sukari (bibi hakuwa na sukari), akajaza faili. Kisha humuuliza, "Bibi, hujambo? Waendeleaje?" Na bibi, kama mwanamke yeyote wa pwani aliyelelewa, hujibu, "Alhamdulillah, mwanangu." Basi muuguzi huandika: mgonjwa anaendelea vizuri.

Usiku wa siku hiyo hiyo bibi hung'ata kanga ili wajukuu wasimsikie. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, nilisikia. Siku moja nikapiga ile simu ya saa ishirini na nne, ilikuwa saa nane za usiku. Haikupokewa. Nikapiga saa tisa, nikakuta imezimwa. Asubuhi nikaambiwa mhudumu wa zamu alikuwa njiani. Njiani wapi usiku kucha, sijui mpaka leo.

Kampuni siitaji, na msiniulize baada ya kikao. Kosa la kwanza lilikuwa langu, maanake sikuuliza swali hata moja kabla ya kulipa.

Jirani ndiye aliyetuelekeza hospisi. Aliyekuja alikuwa mama wa makamo, Mkristo, kashuka kwenye tuktuk na mkoba wa kitambaa. Alikaa na bibi kwenye mkeka. Presha hakuigusa kwanza. Aliuliza: usiku wa kuamkia leo umeamka mara ngapi? Nini kilichokuamsha? Unaswali umekaa au umelala? Choo umepata lini? Kisha akamwonyesha mkono wake. Ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo. Vidole vitano ni maumivu makali kupita yote. Akamwambia, "Kwa siku hizi tatu, nionyeshe." Bibi alitutazama sote mle chumbani, akainua vidole vinne. Akakaa kidogo, akainua na cha tano.

Mama yangu alitoka nje.

Baadaye chuoni nilikuja kujua kuwa ule mkono si ubunifu wa yule mama. Ni kipimo kilichotengenezwa na African Palliative Care Association, jumuiya yenye makao Kampala, kwa ajili ya wagonjwa wa Afrika. Kina maswali kumi. Saba huulizwa mgonjwa: maumivu yake, shida nyingine za mwili, wasiwasi wake, kama ameweza kuwaeleza jamaa anavyojisikia, kama ameona maisha yana thamani, kama moyo umetulia, na kama amepata ushauri wa kutosha ili jamaa wajipange kwa yajayo. Matatu huulizwa jamaa wanaomuuguza: mmepewa habari kiasi gani, mnajiamini kiasi gani, mna wasiwasi kiasi gani. Yote kwa vidole. Kwenye maumivu vidole vingi ni balaa, kwenye utulivu wa moyo vidole vingi ni neema. Basi ukitaka kujua kama hospisi au kampuni inafanya kazi, angalia kwanza kama inauliza mambo ya namna hii. Halafu angalia juma la pili. Vidole vimeshuka? Kama havijashuka, wamebadilisha nini? Anayeuliza akaandika, asibadilishe kitu, huyo ni karani.

Sasa tuje kwenye mofini, maanake hapa ndipo familia nyingi hugawanyika.

Yule mama alipotaja mofini, mjomba alipiga simu kutoka Ghuba akifoka: "Mnataka kumpa mama unga?" Msimcheke. Mofini na heroini asili yake moja, afyuni, na katika mitaa yetu hakuna asiyemjua kijana aliyeharibiwa na unga. Mjomba amezika marafiki kwa sababu hiyo. Na mzee mmoja wa mtaani akaongeza hadithi isemayo kwamba Allah hakuweka ponyo yetu katika alichotuharamishia. Hoja hizi ni nzito, na muuguzi anayezidharau hajui kazi yake.

Tuliwaendea masheikh. Tulichoelezwa ni kwamba hadithi ile ilikuja katika mlango wa pombe. Ama dawa nyingine zinazogusa akili, Imam Nawawi, wa madhehebu yetu ya Shafi, alipojadili mtu anayehitaji kukatwa mkono ulioliwa na maradhi, alichagua kuwa yajuzu kumwondolea fahamu kwa dawa isiyokuwa pombe. Na ipo ile kanuni tuliyohifadhi madrasa, kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, pamoja na mwenzake tunayemsahau: dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kwa kadiri yake, ndugu zangu. Hapo ndipo fiqhi na uuguzi vinapokutana, kwa sababu mofini nzuri ni ile iliyopimwa.

Mtaijuaje? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1986 juu ya maumivu ya saratani ulisema dawa itolewe kwa mdomo inapowezekana, na itolewe kwa saa, isingojewe mpaka mgonjwa alie. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne, na dozi ya wakati wa kulala huweza kuongezwa maradufu ili asiamshwe usiku. Mtu akikuandikia mofini ya maji "akiumwa tu", muulize kasomea wapi. Akikuandikia bila dawa ya kulainisha choo, muulize mara ya pili, maanake mofini hufunga choo karibu kwa kila mgonjwa, na tumbo lililofunga ni mateso mapya. Na akiondoka bila kukuambia kuwa siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa atasinzia sana, amekuacha kwenye hatari. Bibi alilala siku mbili karibu mfululizo. Wengine waliokuja kumzuru walisema tumemuua. Sisi tulikuwa tumekwisha ambiwa, tukatulia. Siku ya tatu aliamka akaomba uji, akamuuliza mama kwa nini amekonda.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa ajili ya mitaa yetu hasa. Chupa ya mofini inahesabiwa? Yule mama alituuliza bila haya kama nyumbani kuna kijana anayetumia madawa. Alituambia chupa ikae ndani ya sanduku lenye kufuli, mtu mmoja ashike ufunguo, kila dozi iandikwe, na itakayobaki irudishwe hospisi. Wengine waliona kama katutukana. Mimi nilimpa alama zote. Hospisi isiyouliza swali hilo katika miji yetu haijui inafanya kazi wapi.

Msidhani basi dawa hii inapatikana kila mahali. Mwaka 2010 Human Rights Watch walichapisha ripoti juu ya watoto wa Kenya wanaoteseka kwa maumivu ambayo dawa yake ni ya bei ndogo. Jirani zetu Uganda tangu mwaka 2004 wamewaruhusu wauguzi na maofisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoa huduma kabla hujampa hata shilingi ni hili: mofini mnayo? Nani anaiandika? Ikiisha siku ya Ijumaa, tutafanyaje?

Na swali la pili: usiku nani? Hospisi yetu ilisema wazi kuwa usiku hawaji na Jumapili hawaji, hawana watu wala gari. Lakini walituachia karatasi, imeandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka: akiumwa kabla ya saa yake mpe dozi ya ziada kiasi hiki, akitapika fanya hivi, akibadilika pumzi fanya hivi, na likitokea moja katika haya matatu mpelekeni hospitali. Huyo anayekuambia ukweli kuwa usiku haji, akakufundisha, ni bora mara nyingi kuliko anayeahidi saa ishirini na nne kisha akazima simu.

Kuna na kusema kweli kwa mgonjwa mwenyewe. Sisi tulikuwa tumemficha bibi jina la ugonjwa wake miezi mitano. Yule mama hakutupinga mbele yake wala hakutusaliti. Alimuuliza tu, "Bibi, wewe unaona ugonjwa huu unakwendaje? Ungependa kujua zaidi au yatosha?" Bibi akasema anajua tangu zamani, ananyamaza ili sisi tusiumie. Fikirini, miezi mitano kila upande unamficha mwenzake! Tangu siku ile mambo yake yakaanza kutengenezwa. Aliandika wasia. Alikuwa anataka kuacha nyumba yote kwa msikiti, akakumbushwa habari ya Saad bin Abi Waqqas (R.A.), huyu ni Saad mwingine, ambaye akiwa mgonjwa alizuiwa na Mtume asiusie zaidi ya thuluthi. Deni la mshonaji likalipwa. Mgonjwa aliyedanganywa hana nafasi ya haya.

Mambo ya stara nitayapita haraka kwa kuwa mnayajua, ila myaulize mapema, yasije yakawa ugomvi mlangoni. Anayemwogesha mgonjwa wa kike awe mwanamke. Wabishe hodi na wangoje ajifunike. Wajue kitanda kielekezwe wapi, wajue kuna tayammum, wasimhubirie dini nyingine mtu aliye hoi. Mama yetu yule alikuwa akituuliza adhana ni saa ngapi kabla ya kupanga saa za kumgeuza.

Ramadhani ilipoingia bibi alitaka kufunga. Hapa pia ni pa kumpimia muuguzi. Yupo atakayesema, "Haiwezekani, acha ujinga," na yupo atakayemwachia afunge afe na maumivu. Wetu alisema yeye wa dini hii si mjuzi, tumwite sheikh, na yeye ataeleza dawa. Sheikh akamsomea ruhusa ya mgonjwa iliyomo katika Suratul Baqara, na kwamba asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba kwa maskini kwa kila siku. Muuguzi akaeleza kuwa zipo tembe za mofini zinazotoka polepole kwa saa kumi na mbili, kwa mgonjwa mwenye nguvu zinaweza kupangwa futari na daku, lakini kwa hali yake maji ya kunywa asiyakose. Bibi alikubali. Kila magharibi alikuwa akitaka apime mchele wa fidya kwa mkono wake mwenyewe, tunamwekea sinia kitandani.

Pesa: ulizeni yote yaandikwe, na ulizeni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, italipa nini na haitalipa nini. Msione haya. Uulizaji wa bei haukuwahi kuwa kukosa heshima kwa mgonjwa.

La mwisho ni karatasi. Sisi tunazika siku hiyo hiyo. Mtu akifia nyumbani, kibali cha mazishi kinapitia kwa chifu msaidizi, na chifu atataka kujua alikuwa anaumwa nini. Hospisi ilitupa barua ya kueleza ugonjwa wiki mbili kabla. Bibi alifariki mfungo mosi, alfajiri, ngumi yake imefungwa juu ya kanga. Kabla ya saa tano kibali tulikuwa nacho, na adhuhuri akaswaliwa. Wiki iliyofuata yule mama alirudi. Alikuja kuchukua chupa, na kutuuliza sisi: mmeamkaje?

Wabillahi tawfiq. Nakaribisha maswali.

Swali: Mgonjwa akikataa kusema anaumwa kwa kuwa anataka ajri ya subira, tumlazimishe dawa?

Jibu: Hatumlazimishi mtu mwenye akili timamu. Lakini tumweleze kuwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe alitaja maumivu ya kichwa chake, na Nabii Ayyub alimlilia Mola wake juu ya dhara iliyompata, na hakuna aliyesema hao walikosa subira. Wengine kweli huchagua. Bibi baadaye alisema dozi ipunguzwe kidogo, abaki na kidole kimoja cha maumivu, ili awe macho asome Yasin usiku. Hospisi ikapunguza. Ingekuwa haimsikilizi ingemwambia daktari ndiye ajuaye.

Swali: Kwetu ni mbali, hospisi hakuna. Haya yote yatusaidie nini?

Jibu: Nendeni hospitali ya kaunti mwulizeni nesi kama kuna kitengo cha tiba shufaa. Wakati mwingine ni chumba kimoja na nesi mmoja, hakina hata kibao mlangoni. KEHPCA, jumuiya ya hospisi za Kenya, nao wanaweza kuwaelekeza palipo karibu. Na wakati mnatafuta, leo jioni kabla ya futari kaeni na mgonjwa wenu mumwonyeshe mkono. Andikeni idadi ya vidole na tarehe kwenye daftari, asubuhi na jioni, siku saba. Daftari hilo mkilipeleka mbele ya daktari, hataweza kuandika kuwa anaendelea vizuri.